Yakishuka Mtaona Nini?

Jumapili, 2 Juni 2024. Saa nne usiku

Binti amelala. Mama yuko chumba cha pili, anavuta uradi. Mkono wangu wa kushoto bado una plasta pale walipochomeka kanula. Nataka kuandika leo hii, kabla watu wa klabu yetu ya mbio hawajaanza kuitia habari chumvi. Mimi ndiye katibu wao, nayajua mambo yao.

Tuliondoka Mtoni Mtongani alfajiri, tukafuata njia ya mwendokasi, ile ambayo mabasi yake yalikuwa hayajaanza kupita, kuelekea Uwanja wa Taifa. Fulana mpya za kijani, mpiga filimbi mbele, akina mama katikati, vijana nyuma. Hakukuwa na joto, Juni hii hewa ni nzuri. Mwendo ulikuwa uleule wa kila Jumapili, wa kukimbia huku unaitikia.

Tulipokaribia Uhasibu moyo ukabadilika. Sikuumwa kifua, sikujikwaa. Hatua moja ulikuwa unakwenda vizuri, hatua iliyofuata ulikuwa umeshakuwa kitu kingine. Niliusikia shingoni zaidi kuliko kifuani. Kwanza ikakata sauti ya kuitikia, kisha pumzi, kisha magoti. Nikakaa kwenye ukingo wa barabara.

Hapo kila mtu akawa daktari. Mmoja mmwagieni maji, mwingine mpeni soda sukari imeshuka, mwingine ainuliwe mikono. Dada mmoja alinishika kichwa akanisomea Ayatul Kursiy, na kwa kweli mkono wake ulinituliza kuliko maji. Lakini moyo haukutulia.

Kijana mmoja wa mbele ana saa ya kupima mapigo. Akanivalisha. Ikaandika 211. Akasema saa imeharibika, akaivua, akaivaa mwenyewe: 128. Akanirudishia: 212. Tukakaa pale mpaka kundi lote likapoa. Yake ikashuka chini ya mia. Yangu, 210. Nimekaa chini, nimenyoosha miguu, na moyo bado unakimbia mbio ambazo miguu imekwisha kuziacha.

Mwenyekiti akasema apumzike kwanza, twendeni naye taratibu. Aliyekataa ni mwenzetu mmoja dereva wa bajaji, mtu wa maneno machache. Alikwenda kuchukua bajaji yake, akanipakia.

Zahanati ya kwanza tuliyofika, sitaiandika jina, mhudumu wa mapokezi akaniangalia akasema, "Mama akae kwenye benchi, mapigo yashuke, ndiyo tumpime presha." Dereva akamjibu, "Yakishuka mtaona nini?" Hakungoja jibu, akageuza bajaji.

Hospitali ya pili walinilaza papo hapo wakanibandika waya za ECG. Karatasi ikatoka na namba yake juu: 208. Daktari, kijana mdogo tu, akaiangalia karatasi kabla ya kuniangalia mimi. Nilimwona akipumua. Akasema, "Mama, hii naijua."

Alinipa bomba la sindano la mililita 10, halina sindano. Akaniambia nipulize kwenye ncha kwa nguvu mpaka pistoni isogee, nisiache mpaka aseme. Nikapuliza. Hakuna kitu. Akaniambia turudie, safari hii nikimaliza kupuliza watanilaza chali ghafla na kuniinua miguu. Nikapuliza, sista na mwenzake wakanilaza, miguu juu. Moyo ukasimama kidogo. Nilisikia ule ukimya, nikasema moyoni basi, nimekwisha. Halafu ukapiga pigo moja zito, na jingine. Mashine ikaandika 92. Alhamdulillah.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa chooni. Mkojo hauishi. Sista alicheka, akasema ndivyo inavyokuwa, moyo ukikimbia hivyo mwili unaamrishwa kutoa maji.

Jumatatu, 3 Juni

Sikwenda kazini. Mwili umelegea, lakini hauumwi popote.

Mama anasema hili ni la ukoo. Bibi yake mzaa baba alikuwa hivyohivyo, anaota jua mara anashika kifua, anasema "wamekuja", wanampigia ngoma, wanaondoka. Asubuhi mama aliniletea kombe alilotengenezewa na shehe wa mtaani, sahani nyeupe na maandishi ya zafarani. Nikanywa. Akafurahi. Kisha nikamwonyesha karatasi ya ECG, nikamwambia, "Na hii hapa picha yao, mama." Aliishika kwa mikono miwili, akaigeuzageuza, akaenda kuiweka chini ya msahafu wake.

Nikamtuma binti aitoe, akapige kopi steshenari na aipige picha kwa simu. Sista alinionya: karatasi ile huandikwa kwa joto, ikikaa juani au miezi ikipita maandishi yanafifia. Kopi mbili sasa ziko kwenye faili la vyeti. Yenyewe imerudi kwa mama.

Nimekuwa nikikumbuka. Kidato cha pili, mchakamchaka wa asubuhi, nilitoka kwenye mstari nikakaa chini ya mwembe. Mwalimu wa zamu alisema natega. Matroni alisema wasichana wa bweni lile wana mashetani. Moyo ulipoachia, nusu saa baadaye, walinikuta mzima, na msichana mzima chini ya mwembe wakati wenzake wanakimbia ana jina moja tu.

Tena mwaka ule wa kujifungua binti huyu. Wodini, usiku, moyo ukaanza. Mpaka muuguzi anafika na mashine ya presha, umekwisha. Akaandika kwenye faili: wasiwasi. Nililiona neno lile kwa macho yangu. Nikalibeba miaka yote hii, nikaamini kuwa mimi ni mwanamke mwenye wasiwasi.

Leo nimeelewa kwamba watu wale wote waliniona baada ya tukio. Hakuna aliyeona tukio lenyewe. Mtu wa kwanza kuliona ni kijana wa jana, na aliliona kwa sababu dereva wa bajaji alikataa kungoja.

Alhamisi, 6 Juni

Klabu wamekuja kunipa pole. Sukari, mchele, sabuni, na bahasha. Mwenyekiti alitoa maneno mazuri. Mume wangu alipiga simu kutoka Tunduma, lori limekwama foleni ya mpakani, akataka kuongea na dereva wa bajaji. Akamwambia, "Shemeji, nikirudi nina deni kwako." Dereva akaona haya.

Walipoondoka nilifungua madaftari ya klabu, kwa kuwa bahasha lazima iandikwe. Nikaona jambo ambalo nimekuwa nikiliandika kwa mwandiko wangu mwenyewe bila kulisoma. Tuna daftari la rambirambi. Kila mwanachama anachanga kila mwezi. Akifa mwanachama, kiasi fulani. Akifiwa na mzazi, kiasi fulani. Turubai, viti, sanda, usafiri wa kwenda makaburini, vyote vina fungu. Hata nani atatangaza msiba limeandikwa.

Hakuna ukurasa unaosema mwanachama akianguka barabarani akiwa hai tufanye nini. Namba ya kupiga, hospitali ya karibu, nani ana gari, nani ana presha, nani ana kisukari: hakuna. Jumapili ile ningekufa, ndani ya saa moja kila kitu kingekwenda sawasawa. Nilipokuwa hai ndipo walipotahayari.

Jumapili, 9 Juni

Wamekimbia leo bila mimi. Nilisikia filimbi ikipita.

Vijana wamenitumia kila aina ya habari za watu walioanguka mchezoni, kwa nia njema, na zimeninyima usingizi. Basi nimekaa nazo mchana kutwa nizitenganishe, maana nimegundua zimechanganywa mambo mawili.

Marc-Vivien Foé wa Cameroon, 26 Juni 2003, Lyon, nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia. Alianguka katikati ya uwanja hakuna aliyemgusa, akafa akiwa na miaka 28. Uchunguzi ulikuta misuli ya moyo wake imenenepa kuliko kawaida, ugonjwa wa kuzaliwa nao. Hapa kwetu, Ismail Mrisho Khalfan, kijana wa timu ya vijana ya Mbao FC ya Mwanza, Desemba 2016, Uwanja wa Kaitaba, Bukoba. Alianguka mechi ikiendelea, hakuamka. Nakumbuka nchi nzima ilivyoitazama ile video. Christian Eriksen wa Denmark, 12 Juni 2021, Copenhagen. Huyu naye moyo ulisimama mbele ya dunia nzima, lakini wenzake walimfikia mara moja, akakandamizwa kifua, akapigwa shoti ya umeme, akaamka. Amewekewa kifaa kifuani na alirudi kucheza mwaka uliofuata.

Hao moyo wao uliacha kusukuma damu. Mtu wa namna hiyo anazimia papo hapo, haitiki, hapumui sawasawa, pengine anakoroma tu au anatweta, na kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua na bila shoti inakata uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Kilichomwokoa Eriksen ni dakika.

Mimi moyo wangu ulikuwa unasukuma, ila kwa kasi mno. Nilikuwa naongea. Nilijua jina langu na kwamba ni Jumapili. Ni hatari ya aina nyingine, na mara nyingi ndogo zaidi. Lakini aliyekaa barabarani hawezi kujua moyo wake unakimbia kwa sababu gani, wala waliomzunguka hawawezi kujua. Kwa hiyo yote mawili yanahitaji haraka: la kwanza haraka ya mikono, la pili haraka ya gari.

Nimeyaandika haya usoni mwa daftari la klabu, ukurasa wa kwanza, kwa kalamu nyekundu.

Alhamisi, 13 Juni

Kliniki ya moyo, Upanga. Nilifika saa kumi na mbili nikakuta watu wamejaa. Nilipoitwa, daktari, mama wa makamo, aliomba kwanza karatasi ya ile Jumapili. Aliisoma muda mrefu. Akasema, "Wengine wanakuja hapa miaka kumi wanatusimulia tu. Wewe umekuja nayo."

Wakanipima ECHO: moyo hauna kasoro ya umbo, vali nzima, misuli ya unene wa kawaida. Hapo nikamuuliza kuhusu Foé, akasema ndiyo maana kipimo hiki hufanywa kwanza. Damu: tezi ya shingo sawa, wekundu wa damu umepungua kidogo. ECG ya leo, nikiwa nimetulia, safi kabisa. "Ungekuja na hii peke yake," akasema, "ningekurudisha nyumbani."

Alinichorea. Umeme wa moyo unashuka kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini kwa kupitia kituo kimoja katikati. Watu wengine, pale kituoni, wana njia mbili badala ya moja, moja ya haraka na moja ya polepole. Siku nyingi haina shida. Siku moja pigo moja linatangulia wakati wake, linakuta njia moja haijawa tayari, linashuka kwa nyingine na kupanda kwa ile ya kwanza. "Hapo," akasema, "umeme unakuwa bodaboda aliyeingia kipilefti akasahau pa kutokea. Anazunguka tu, na kila mzunguko moyo unapiga." Ndiyo sababu unaanza ghafla na kuisha ghafla. Moyo wa mtu aliyechoka au mwenye hofu hupanda na kushuka polepole. Hii hesabu ya kukisia kikomo cha mapigo, 220 kutoa umri, ambayo vijana wa klabu wanaipenda, kwangu mwenye miaka 41 inatoa 179. Namba yangu ilivuka hapo, na haikushuka nilipoketi. Hizo ndizo alama.

Kule kupuliza bomba la sindano kuna jina la Valsalva, daktari wa Italia wa karne ya 17 na 18, ambaye yeye shida yake ilikuwa masikio. Ukipuliza namna ile neva inayoupunguzia moyo kasi inaamka na kukata ule mzunguko. Kupuliza peke yake husaidia watu wachache. Utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 2015 uliongeza kulazwa chali na kuinuliwa miguu, na waliopona pale pale wakatoka 17 kati ya 100 hadi 43. Makundi yote mawili yalipuliza namna ileile. Ikishindikana kuna dawa ya mshipani, adenosini, inayofanya kazi kwa sekunde chache tu. Wagonjwa wanaichukia, wanasema wanahisi wanakufa. Nikamwambia kuhusu ule ukimya. Akasema ndio huohuo.

Nikamuuliza neno lile la wodini, wasiwasi. Akatikisa kichwa. Wanawake wengi wenye ugonjwa huu huandikiwa hivyo kwanza, akasema, kwa sababu moyo unaokimbia unaleta hofu kweli, na anayefika mwishoni anaikuta hofu tu.

Dawa: nimepewa za kupunguza kasi, nusu kidonge. Tiba ya kumaliza ipo: waya mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa pajani hadi moyoni, ile njia ya polepole ikaunguzwa. Hufanikiwa kwa zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100. Hatari yake ni ndogo lakini ipo, wachache huishia kuhitaji betri ya moyo. Nifikirie, nizungumze na mume wangu, niulize bima inalipa kiasi gani. Kukimbia? Taratibu, nisikimbie peke yangu, nisikimbie sijalala wala sijanywa maji, na vile vinywaji vya kuongeza nguvu vya kwenye kopo nisiviguse. Jumamosi ile usiku nilikuwa kwenye kicheni pati mpaka saa saba. Alicheka nilipomwambia.

Jumapili, 23 Juni

Idd imepita, klabu imerudi, na leo kikao baada ya mbio. Niliomba ajenda moja.

Mwenyekiti hakupenda. "Katibu, ukianza kuzungumza mioyo na kuanguka, wanachama watakimbia klabu badala ya kukimbia barabarani." Watu wakacheka. Mzee wetu mmoja, mstaafu wa bandari, akasema vijana hawataki kuandikwa magonjwa yao, wataogopa kuonekana wabovu mbele ya klabu rafiki. Hoja hiyo ni ya kweli, sikuidharau. Tukakubaliana maelezo ya afya yakae kwenye bahasha zilizofungwa, za kufunguliwa siku ya dharura tu.

Kisha dereva wa bajaji akasimama. Sijawahi kumsikia akihutubia. Akasema, "Mimi nimeshabeba watu wengi hospitali usiku. Kila nyumba nikifika naambiwa subiri kidogo, labda atapata nafuu. Akipata nafuu hatuendi. Asipopata, tunachelewa. Hiyo subiri kidogo haijawahi kumsaidia mgonjwa yeyote niliyembeba." Akakaa. Hakuna aliyecheka.

Yaliyopitishwa, kama nilivyoyaandika kwenye muhtasari:

Moja, kila Jumapili bajaji moja inafuata kundi nyuma, mafuta juu ya klabu.

Mbili, mwanachama akizimia mbioni, hata akiamka mwenyewe dakika ileile, haruhusiwi kukimbia tena mpaka aonwe na daktari. Vivyo hivyo mwenye maumivu ya kifua, na mwenye ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana.

Tatu, anayelalamika moyo kwenda mbio akiwa amekwisha kukaa anapelekwa wakati huohuo, penye mashine ya ECG. Hapumzishwi kwanza. Akipona njiani anapelekwa vilevile, na muda ulioanza na kuisha unaandikwa.

Nne, ukurasa mpya: mfuko wa afya, mchango wa kila Jumapili, mtu anachotoa ndicho hichohicho.

Mwenyekiti alitia saini wa mwisho, lakini alitia.

Jumapili, 30 Juni

Yule sista wa siku ile amekuja kutufundisha, bila malipo, tumempa fulana. Hakuna mwanasesere, tulitumia mito ya makochi. Mgonjwa haitiki na hapumui sawasawa: mmoja apige simu, mmoja aite bajaji, mwingine apige magoti. Viganja vimepandana katikati ya kifua, mikono imenyooka, kandamiza sentimita 5, isizidi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na uache kifua kirudi juu kila mara. Mpokeane kila baada ya dakika mbili, maana mtu anachoka bila kujua. Mpiga filimbi wetu ndiye aliyeshika mdundo sawasawa kuliko wote. Mwenyekiti alikandamiza mto mpaka jasho likamtoka, akasema hii ni kazi kuliko kukimbia.

Mimi nilitembea nyuma na akina mama wazee, saa ya yule kijana mkononi. Haikupita 120. Mume wangu amerudi, tumekubaliana nifanyiwe ile ya waya. Bima italipa sehemu, sehemu tutajichangisha. Mama anasema nitakunywa kombe kabla, nimekubali.

Hesabu za leo kabla sijalala. Mfuko wa rambirambi: shilingi 640,000. Mfuko wa afya, siku yake ya kwanza: shilingi 43,500. Bajaji imejazwa mafuta humo.